Miaka Mitatu ya Kusema "Nasikia"

Ninyi mnaokuja kwangu Kibuli kila Jumamosi na magitaa mgongoni, swali lenu la kwanza huwa ni vidole. Jjajja, bibi yetu, vidole vyako vinaendaje kasi namna hiyo? Jjajja, hiki kidole kidogo nikifanyeje kisiume? Nawajibu, kwa sababu nimestaafu na sina haraka ya kwenda popote. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza habari za masikio, na masikio ndiyo yaliyokaribia kunitoa kwenye kazi hii kabla ya wakati wangu. Basi leo egemezeni magitaa ukutani. Hapana, si hapo kwenye jua, gundi itaachia. Pale. Haya.

Kwa wale wageni, mimi naitwa Rehema. Nimepiga gitaa kwa kazi zaidi ya miaka thelathini hapa Kampala, kwenye harusi, kwenye hoteli, kwenye sherehe za watu wakubwa na watu wadogo. Sisi ni watu wa duka. Babu yake baba alikuja kutoka pwani na biashara yake, akabaki, ndiyo maana nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili mezani wakati majirani wote wanaongea Luganda. Baba aliuza vitambaa. Siku niliyoleta gitaa nyumbani, la kuazima kutoka kwa mwalimu wangu wa shule, alilitazama kama anavyotazama kitambaa anachoshuku kitachuja rangi. Kisha akasema, "Kama utapiga, pigia chumba cha nyuma, na upige vizuri. Wateja wana masikio." Hiyo ndiyo ruhusa niliyopewa, na sikungoja nyingine.

Nyuzi zilikuwa adimu wakati huo. Leo mnaagiza kwa simu, zinaletwa na boda mpaka mlangoni. Sisi uzi ukichakaa na kupoteza mlio tuliuchemsha. Ndiyo, kama viazi. Unaukunja, unautia kwenye maji yanayotokota, mafuta ya vidole na uchafu vinatoka, unaukausha, unapata wiki mbili nyingine za mlio mzuri. Siku moja nilichemsha seti nzima kwenye sufuria ya mama bila kumwambia, nikaitoa, nikasahau kumwaga maji. Mama akatia majani ya chai humo humo. Wageni wa baba walikunywa chai ya nyuzi za gitaa, na mmoja wao akasifu tangawizi. Mpaka leo sijui alionja nini.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Mkongo mmoja, tulimwita Papa Lukusa. Alikuwa mpiga solo kwenye bendi ya hoteli, mtu mwembamba, shati limepigwa pasi hata kwenye mazoezi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, najua nyimbo nyingi, nazipiga zote mbio. Alinisikiliza siku ya kwanza mpaka mwisho, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Binti, weye unapiga kama mtu anakimbizwa na mbwa. Nani anakukimbiza?"

"Hakuna, Papa."

"Basi tembea."

Somo langu la kwanza lilikuwa hilo tu. Mwezi mzima alinizuia kupiga zaidi ya noti nne kwenye mstari mmoja. Nikizidisha, alikuwa anatazama nyuma yangu kama anatafuta mbwa.

Papa Lukusa alikuwa na tabia moja tuliyoicheka sana. Kabla ya kupanda jukwaani alichukua pamba, akaiviringisha, akaziba sikio lililokuwa upande wa dramu. Sisi vijana tulimwita Papa Pamba. Aliniambia mara nyingi nisisimame karibu na matoazi, yale masahani ya shaba ya mpiga dramu. Nilimwambia ndiyo Papa, na nikaendelea kusimama hapo hapo, kwa sababu hapo ndipo taa zilipokuwa na hapo ndipo watu walipokuona. Alirudi kwao, akafia huko. Mimi nikabaki na masomo yake yote isipokuwa hilo la pamba.

Sasa nawapeleka mbele, kwa sababu jambo lenyewe lilitokea nikiwa nimeshapita miaka hamsini. Nilikuwa kwenye bendi ya Ssalongo. Jina lake halisi mnaweza kulikuta kwenye kitambulisho chake. Alizaa mapacha, akawa Ssalongo kwa dunia nzima. Yeye ndiye aliyepiga kinanda na ndiye aliyekuwa na bendi. Mtu wa sauti kubwa, hasira ya haraka, na moyo ambao aliuficha kama watu wengine wanavyoficha simu sokoni. Mwimbaji wetu alikuwa Aidah, mwanamke wa makamo, mcheshi, aliyeimba kwa Luganda, Kiswahili na Lingala bila hata kubadilisha pumzi.

Siku hiyo tulipiga kwenye kwanjula, ile sherehe ya bwana harusi kupelekwa kwa wakwe akatambulishwe. Mchana, mahema yamejaa, akina mama wamevaa magauni ya gomesi, wasemaji wa pande mbili wanatupiana maneno matamu. Umeme ukakatika. Tukangoja jenereta. Kabla umeme haujakatika nilikuwa nimeona kijitaa cha spika ya upande wangu wa kushoto kinapepesa na kuzima, nikashuku waya umelegea. Nikafanya kosa ambalo nawakataza ninyi mpaka mwisho wa maisha yenu: nikainama, nikaweka sikio kwenye spika ili umeme ukirudi nisikie kama iko hai.

Jenereta likawaka. Kipaza sauti cha msemaji kilikuwa wazi, sauti yote imefunguliwa. Ile spika ilipiga mlio mmoja tu.

Wageni walishtuka, wakacheka, sherehe ikaendelea. Mimi nilisimama wima, nikashika gitaa, nikapiga mpaka mwisho huku filimbi moja ndefu ikilia kichwani. Ililia siku tatu. Siku ya nne ikapungua, nikashukuru, nikaweka simu kwenye sikio la kushoto nimpigie dada yangu. Nikadhani simu imeharibika. Nikaihamishia kulia, nikamsikia dada anauliza, "Rehema? Rehema, mbona huongei?"

Hapo ndipo nilipojua. Miaka yote ya matoazi ilikuwa imelilegeza lile sikio, na spika ikamalizia.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza pia. Nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya wapiga gitaa niliowajua wa mahoteli. Mwanaume akikosea, watu husema leo amechoka. Mimi nikikosea, walisema, si tulisema hawezi? Nilikuwa nimetumia miaka mingi kuhakikisha hawapati nafasi hiyo. Na Ssalongo alikuwa na namba za wapiga gitaa kumi kwenye simu yake. Nikajiambia, nitasema wiki ijayo. Nikasema hivyo miaka mitatu.

Nikajifunza ujanja, na huo ujanja nawapa bure kwa sababu una faida hata kwa mwenye masikio mawili. Nilijifunza kutazama mguu wa mpiga dramu badala ya kumsikiliza; mguu haudanganyi. Nilijifunza kukaza nyuzi huku nimegusisha taya kwenye pembe ya gitaa, mlio unapanda kwenye mfupa mpaka kwenye sikio zima. Nilijifunza kusoma midomo ya Aidah. Na nilijifunza neno moja la kujibia kila swali. Mtu akiniuliza jukwaani, spika iko sawa? Nasikia. Kinanda kimekufikia? Nasikia. Siku moja mtu aliniuliza nimekula? Nikasema nasikia.

Ningeweza kuendelea hivyo, pengine. Lakini mwaka wa tatu sikio la kulia nalo likaanza. Niligundua alfajiri. Adhana ya msikiti wa Kibuli, iliyokuwa ikiniamsha tangu utotoni kama mtu aliyesimama mlangoni, sasa ilitoka mbali, kama imefunikwa na blanketi. Kila wiki blanketi lilizidi uzito. Niliogopa sana, na watu hawakujua. Kila asubuhi nilikuwa nasafisha lile sikio kwa vijiti vya pamba, kwa uangalifu, mara mbili, mara tatu, kama mtu anayemwomba mgonjwa asife. Nilianza kuhesabu nyimbo ninazozijua kwa vidole bila kusikia, nikawa napanga nitaishije. Binti yangu alisema nimekuwa mkali. Sikuwa mkali. Nilikuwa nasikia nusu ya maneno yake na kuona haya kuuliza nusu nyingine.

Katika hali hiyo Ssalongo akatupeleka studio.

Ilikuwa Wandegeya, ghorofa ya juu, chini yake kuna duka la kuchapa na kubana vitabu vya wanafunzi wa chuo. Mashine zile zikinguruma, kipaza sauti kinazinasa, kwa hiyo tulirekodi saa ya chakula cha mchana, wachapaji wakienda kula. Tulikuwa na saa moja kwa siku. Fundi mitambo aliitwa Okello, mtu mzima, baba wa watoto watatu, mpole, mwenye kuongea kidogo. Studio haikuwa yake, aliajiriwa.

Zamani tulirekodi bendi nzima pamoja chumba kimoja, mmoja akikosea wote tunarudia, tunamtukana kidogo, tunaendelea. Siku hizi, mnajua, kila mtu anarekodi peke yake na hedifoni masikioni, na kompyuta inampigia kliki, ule mlio wa tik-tik wa kushika mwendo. Okello aliweka kliki upande wa kushoto, kinanda na sauti ya Aidah upande wa kulia. Watu wengi wanapenda hivyo. Na wimbo wenyewe ulianza na gitaa peke yake. Mistari minne mizima, gitaa na kliki tu, kisha kinanda kinaingia.

"Madam, unasikia kliki?" Okello akauliza.

"Nasikia."

Nikapiga ile mistari minne kwenye kimya kitupu. Kinanda kilipoingia, mimi nilikuwa nimeshatangulia.

"Tena," akasema Ssalongo.

Tena. Safari hii nikachelewa. Mara ya tatu nikageuza hedifoni kwa siri, kulia kushoto. Loo, kliki hiyo hapo! Nikapiga mwanzo vizuri kabisa, lakini Aidah alipoanza kuimba sikumsikia hata kidogo, nikampitia juu kama gari lisilo na breki. Okello akaja taratibu, akaniambia, "Madam, umevaa kinyume," akanigeuzia. Nikamshukuru. Nilitaka sakafu ifunguke.

Okello akadhani ni waya. Akabadilisha waya. Akabadilisha hedifoni. Akafungua meza yake ya mitambo, akachomoa kila kitu, akachomeka upya, jasho linamtoka. Kila mara akauliza, "Sasa?" Na mimi nikajibu lile neno langu. Mashine za chini zikaanza kunguruma, siku ikaisha.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Mpaka Ssalongo akalipuka.

"Wewe bwana! Siku mbili! Siku mbili hii mitambo yako inasumbua mtu wangu. Rehema hajawahi kukosa mwendo tangu nimjue. Hajawahi!"

Wanangu, nimesifiwa mara nyingi katika kazi hii. Hiyo ndiyo sifa pekee iliyonichoma.

Okello akasema, "Ssalongo, hii waya nimebadilisha yote. Mimi mwenyewe nasikia kliki vizuri. Labda..." Akanitazama. Alikuwa ameshajua, au ameshashuku. Fundi mitambo kazi yake ni kujua nani anasikia nini. Nikamtazama. Akashusha macho.

"Labda nini?" Ssalongo akauliza.

"Labda kompyuta," akasema Okello.

Ssalongo akatoa simu, akampigia mwenye studio. Nilimsikia vizuri, alikuwa upande wangu wa kulia na alikuwa anapiga kelele. "Mtu wako hajui kazi! Tafuta mwingine au sisi tunahama." Akasikiliza, kisha akamgeukia Okello. "Anasema uache funguo mezani. Mtaongea kesho."

 Okello aliketi, akaanza kukunja waya zake mwenyewe, zile alizoleta kutoka nyumbani ili kunisaidia mimi. Alikuwa anazikunja kwa utaratibu, duara baada ya duara, akizilaza sawasawa kama mtu anayejua hataingia tena chumba kile. Nikatazama mikono yake. Nimefanya mambo mengi nisiyojivunia, lakini kumwacha mtu akunje waya zake kwa ajili ya sikio langu, hilo halikunipita kooni.

"Ssalongo, weka simu chini."

"Ngoja nimalize na huyu—"

"Weka simu chini. Waya ni mzima. Mitambo ni mizima. Sikio langu ndilo bovu."

Akanitazama. "Sikio gani?"

"La kushoto. Halisikii kitu. Tangu ile kwanjula ya jenereta."

"Ile ya... Rehema, ile ni miaka mitatu!"

"Ni miaka mitatu."

 Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mawili: kelele, au huruma. Badala yake Aidah, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kona anakunywa soda, akasema, "Banange, mwishowe!"

Nikageuka. "Wewe ulijua?"

"Nnyabo, mimi najua zamani. Siku moja jukwaani nilikuomba maji, ukanipa taulo. Kesho yake nikakuomba taulo, ukanipa maji, nikaona ninyamaze tu. Toka hapo mimi nasimama kulia kwako. Hujaona?"

Nilikuwa nimeona. Nilidhani anafuata taa.

"Mbona hukusema?"

"Ni sikio yako, si yangu. Nilingoja uchoke."

Ssalongo alikuwa bado amesimama katikati ya chumba, simu mkononi, mwenye studio bado anaongea humo ndani peke yake. Uso wake ulikuwa wa ajabu. "Kumbe ulikuwa husikii," akasema polepole. "Mimi nakuita jukwaani, Rehema, Rehema, hugeuki. Nakuambia kitu kizuri, hucheki. Nikafikiri unanidharau. Nilimwambia hata mama watoto, Rehema siku hizi ana maringo."

"Kinanda chako kiko kushoto kwangu, Ssalongo."

"Sasa naelewa!" Na yule mtu, wanangu, akacheka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Miaka mitatu nilikuwa nikimwogopa, na miaka mitatu hiyo hiyo yeye alikuwa akiumia kwamba simpendi.

Nikamwambia, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kusema yote, "Kama unataka kutafuta mtu mwingine, nitaelewa."

"Mtu mwingine wa nini? Wewe unapiga na vidole ama unapiga na sikio ya kushoto?"

"Na vidole."

"Basi." Akakumbuka simu, akaiweka sikioni. "Hallo? Bado upo? Kijana wako ni mzuri. Mimi ndiye nilikuwa mjinga. Nakuambia mwache aendelee na kazi!" Okello ana miaka arobaini na kitu, lakini kwa Ssalongo kila mtu ni kijana. Alipokata simu alimwendea Okello, akamshika mkono kwa mikono miwili, na kwa Ssalongo hiyo ilikuwa hotuba nzima ya kuomba msamaha. Mimi nilimwomba wangu kwa maneno. Okello akatikisa kichwa tu, akaanza kukunjua waya.

"Madam, hii kitu ni dakika mbili," akasema. Akabonyeza mahali fulani kwenye kompyuta, akaweka kila kitu, kliki na kinanda na Aidah, upande wa kulia. Dakika mbili, kweli. Nikavaa hedifoni, nikasikia tik-tik, nikasikia pumzi ya Aidah kabla ya kuimba. Tulimaliza wimbo kabla wachapaji hawajarudi. Mara ya kwanza tu. Okello alinionyesha kidole gumba kupitia kioo, na mimi nikageuka ukutani kidogo, nijifute uso.

Lakini lilibaki lile la kulia. Nilimwambia Aidah tukiwa kwenye ngazi, kwa sababu nikishaanza kusema sikuweza kuacha. Nikamwambia na hili linakufa, Aidah, nasikia adhana kwa mbali. Hakusema pole. Alisema, "Jumatatu asubuhi tunaenda hospitali, Mulago. Nitakupitia."

Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, watu wengi, kila mtu na ugonjwa wake na bahasha yake. Aidah alikuwa kulia kwangu, ananitajia upya majina yanayoitwa. Mtaalamu wa masikio alikuwa mwanamke wa umri wangu, miwani puani, hana mchezo.

"Nani amekuambia sikio la kulia linakufa?"

"Nimejua mwenyewe."

"Wewe ni daktari?"

"Napiga gitaa."

"Basi ngoja mimi nitazame, halafu nikija harusini wewe utapiga gitaa." Akaingiza kile kimulimuli chake, akatazama, akatazama tena. "Unasafisha na nini?"

"Vijiti vya pamba. Kila asubuhi. Mara tatu."

Akavuta pumzi ndefu, nadhani anaivuta mara kumi kwa siku. "Mama, huku ndani kuna nta imeshindiliwa kama saruji. Wewe mwenyewe umeishindilia na hivyo vijiti."

Nta! Miezi nane nilikuwa nimelia chini ya shuka kwa ajili ya nta. Alinitia matone ya kulainisha, nikangoja, kisha akapiga maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano, na kitu kikatoka, sitawaeleza kilivyofanana, mtakula baadaye. Dunia ikaingia yote kwa mkupuo. Ndara za muuguzi kwenye korido. Mtoto anakohoa chumba cha pili. Aidah anafungua pipi, karatasi inapasuka kama moto wa kuni. Nikaanza kucheka na machozi yananitoka, na yule mtaalamu akanipa kitambaa, akaandika kwenye kadi yangu kana kwamba huwa inatokea hivyo kila siku.

La kushoto akalipima kwenye kile chumba kidogo kisichopitisha sauti. Hakunidanganya. Alisema hilo halitarudi, na alisema kama ningekuja zile siku za kwanza pengine wangejaribu dawa, pengine isingesaidia, lakini wangejaribu. Niliumia, lakini nilikuwa nimeshamzika yule maiti miaka mitatu, nilichokuwa nahitaji ni mtu wa kunisainia cheti cha kifo tu. Nilitoka pale nikiwa na sikio moja, na nilijisikia tajiri. Boda waliokuwa wanapiga honi nje ya geti, niliwasikia kama bendi ya tarumbeta.

Baada ya hapo nilipiga miaka mingine minane. Tulibadilisha mpangilio wa jukwaa, nikasimama mwisho kabisa kushoto, bendi yote ikawa kulia kwangu. Ssalongo akijisikia kuniambia jambo zuri, alivuka jukwaa zima kuja kunong'ona upande unaofaa, na watazamaji walidhani ni sehemu ya onyesho. Nikanunua vizibo vya masikio, vile vya wanamuziki, vinapunguza kelele bila kuua mlio. Vipo madukani sasa, ni vidogo, havionekani. Ninyi mkija Jumamosi ijayo bila hivyo, mtashika ufagio, hamtashika gitaa. Na kijiti chochote kisiingie sikioni. Wala kalamu. Wewe hapo nyuma, nimekuona, toa hiyo kalamu.

Jambo hili likajulikana mjini, maana siri ikishatoka Aidah haibani tena. Nilidhani nitaona haya. Halafu mchana mmoja nilikuwa nakula Wandegeya, kwenye kibanda kimoja cha matoke na mchuzi wa karanga, akaingia Musoke. Huyu alikuwa mpiga dramu wa bendi nyingine, mtu mkubwa wa mwili, na mji mzima ulimwita mwenye majivuno kwa sababu hakujibu salamu. Hakuwahi kuniambia neno. Siku hiyo alichukua sahani yake, akaja moja kwa moja, akakaa kwenye benchi langu upande wa kushoto. Akatazama mbele. Nikaona midomo yake inatembea.

"Nini?" nikasema.

"Nini?" akasema yeye.

"Umesema nini?"

"Eh?"

Watu wa meza ya pili wakaanza kututazama. Nikagusa sikio langu la kushoto, nikatikisa kichwa. Musoke akanitazama muda mrefu. Kisha akainua mkono wake mkubwa taratibu, akagusa sikio lake la kulia.

Tulikuwa tumekaa maiti kwa maiti.

Tukasimama wote wawili, kila mtu na sahani yake, tukapishana kwenye kile kijia chembamba, mchuzi wake karibu unimwagikie, tukabadilishana nafasi. Yeye kulia kwangu, mimi kushoto kwake. Sikio zima kwa sikio zima. Na ndipo akaniambia kwa sauti ndogo ambayo sikutegemea itoke kwenye kifua kile, "Dada Rehema, sijamwambia mtu. Hata mke wangu hajui."

"Umeniambia mimi," nikasema.

 Halafu akavuta sahani yake karibu, akaanza kula kama mtu aliyekuwa amefunga.